Karne Ishirini na Sita au Miaka Mia Moja? Kuchagua Upana wa Umri katika Mkusanyiko Binafsi wa Sarafu

Mtu anayekusanya sarafu huulizwa mapema, au hujiuliza mwenyewe, swali linaloonekana jepesi: sarafu yako kongwe kuliko zote ni ya mwaka gani? Swali hilo huupima mkusanyiko kwa ncha moja tu. Kinachoupa mkusanyiko sura yake ni umbali uliopo kati ya sarafu kongwe na sarafu changa kuliko zote, pamoja na namna miaka ya katikati ilivyojazwa au ilivyoachwa wazi. Watu wawili wanaweza kuwa na sarafu arobaini kila mmoja, wakatumia muda na gharama zinazolingana, na bado wakawa na vitu viwili visivyofanana hata kidogo.

Tuchukue masanduku mawili. Katika sanduku la kwanza zimo sarafu za kila zama: kipande cha fedha cha Wagiriki, dinari ya fedha ya Roma, dirhamu ya Kiislamu, sarafu ya China yenye tundu la mraba, kipande chembamba cha Ulaya ya kale kilichogongwa kwa nyundo, reale 8 za Hispania, na kuendelea hadi yuro. Sarafu za kwanza zilitengenezwa Lydia, magharibi mwa nchi ambayo leo ni Uturuki, katika karne ya 7 kabla ya Kristo, kwa mchanganyiko wa dhahabu na fedha. Kwa hiyo mkusanyiko mpana kabisa unaweza kubeba takriban karne ishirini na sita. Katika sanduku la pili zimo sarafu za aina moja tu, kwa mfano peni ya shaba ya Uingereza, iliyoanza kutengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na bati mwaka 1860 na kutolewa kwa matumizi ya kawaida hadi zile zenye mwaka 1967. Hapo umri wote kutoka mwanzo hadi mwisho ni miaka mia moja na kidogo, wafalme na malkia watano, na ukubwa ule ule wa karibu milimita 31 kwa muda wote.

Nimewahi kukusanya kwa njia zote mbili, na ninaandika ulinganisho huu kwa ajili ya mtu ambaye bado hajaamua, au ambaye ameanza kununua bila kuamua na sasa anaona sarafu zake hazisemezani.

Mwaka ulioandikwa na mwaka wa kweli

Tofauti kubwa kuliko zote kati ya masanduku hayo mawili hujitokeza pale unapotaka kujua umri wa sarafu uliyoishika. Mwenye sanduku la peni husoma tarakimu nne na kazi imekwisha. Mwenye sanduku pana hukuta kwamba sehemu kubwa ya sarafu zake hazina mwaka wowote. Sarafu ya kwanza inayojulikana kuwa na mwaka wa Kikristo ilitengenezwa Roskilde, Denmark, mwaka 1234, na hata baada ya hapo desturi ya kuandika mwaka ilichukua karne kadhaa kuenea Ulaya. Kabla ya hapo umri husomwa kwa njia nyingine: jina la mtawala, cheo chake, alama ya kiwanda, uzito, na mtindo wa uso uliochorwa.

Kusoma huko kuna raha yake, na ningependa kukuonyesha kwa karibu. Dinari ya Mfalme Trajan wa Roma ina maneno mengi yaliyobanwa kuzunguka kichwa chake na sura ya nyuma, na miongoni mwake kuna herufi COS zikifuatwa na namba ya Kirumi. Herufi hizo hutaja ni mara ya ngapi mtawala ameshika cheo cha konsuli, cheo cha juu katika serikali ya Roma. Trajan alishika cheo hicho kwa mara ya tano mwaka 103 na kwa mara ya sita mwaka 112. Kwa hiyo sarafu yenye COS V imetengenezwa kati ya mwaka 103 na 111, hata kama haina tarakimu yoyote ya mwaka. Kipande kidogo cha fedha chenye uzito wa gramu tatu na ushei kinakupa dirisha la miaka tisa, umbali wa karne kumi na tisa kutoka ulipo.

Sarafu za Kiislamu zilikuwa mbele ya Ulaya katika jambo hili kwa muda mrefu. Baada ya mageuzi ya Khalifa Abd al-Malik, dinari za dhahabu zilibeba mwaka wa Hijria kuanzia mwaka 77, yaani 696 au 697 kwa kalenda ya Kikristo, na mwaka huo uliandikwa kwa maneno kamili ya Kiarabu. Anayetaka kukadiria mwaka wa Kikristo huuzidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha akaongeza 622. Hata hivyo hesabu hiyo haitoshi kwa sarafu za Dola ya Uthmaniya za zama za mwisho, kwa sababu mwaka unaoonekana juu yake ni mwaka ambao sultani alitawazwa, na mwaka wa utawala wake huandikwa kando. Sarafu ya Abdülhamid wa Pili yenye mwaka 1293 na namba 25 haikutengenezwa mwaka 1876 alipotawazwa. Ni ya mwaka wa ishirini na tano wa utawala wake, yaani 1317 Hijria, ambao ni 1899 au 1900. Asiyejua jambo hili huizeesha sarafu yake kwa karibu robo karne.

Japani nayo huhesabu miaka kwa utawala wa mfalme. Mwaka wa kwanza wa Showa, yaani utawala wa Mfalme Hirohito, ni 1926, hivyo Showa 39 ni 1964. Thailand huandika mwaka wa Kibudha, na ukitoa 543 unapata mwaka wa Kikristo. Mtu anayechagua upana wa nchi nyingi, hata kama ni wa karne moja tu, ajue kwamba atahitaji kalenda kadhaa.

Usidhani kwamba mwenye sanduku jembamba amesalimika kabisa na mitego ya mwaka. Mfano ulio wazi kuliko yote ni sarafu kubwa ya fedha ya Maria Theresa, mtawala wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Kwa sababu wafanyabiashara wa nchi nyingi waliizoea na kuiamini, sarafu hiyo iliendelea kutengenezwa ikiwa na mwaka ule ule wa 1780, Vienna kwanza na baadaye katika viwanda vya miji mingine kama London, Roma na Bombay, hadi ndani ya karne ya 20 na baada yake. Unapoishika huna budi kuchunguza alama ndogo ndogo za bega, kipini cha kifuani na manyoya ya tai ili kujua ni ya wakati gani. Sarafu za yuro zina jambo linalofanana na hilo kwa udogo: Ufaransa, Hispania, Uholanzi, Ubelgiji na Ufini ziliandika mwaka ambao sarafu ilitengenezwa, hivyo zipo zenye 1999, ilhali hakuna aliyenunua chochote kwa sarafu hizo kabla ya tarehe 1 Januari 2002. Na mwaka 2008 Uingereza ilitoa kwa makosa sarafu za peni 20 zisizo na mwaka upande wowote, kwa sababu sura mpya ya nyuma iliunganishwa na sura ya zamani ya mbele wakati mahali pa mwaka palikuwa pamehamishwa.

Uamuzi wangu katika kipengele hiki ni huu: ikiwa unapenda kufumbua, sanduku pana litakulisha kwa miaka mingi. Ikiwa unachotaka ni uhakika wa kila kipande na orodha inayojazwa nafasi moja baada ya nyingine, shika zama ambazo mwaka huandikwa kwa tarakimu.

Ukongwe haufanani na uadimu

Wanaoanza huogopa sanduku pana kwa kudhani kwamba sarafu ya miaka 1,700 lazima iwe kitu cha makumbusho. Hapa mambo huenda kinyume cha matarajio. Mwaka 2010 katika eneo la Frome, Uingereza, mtu mwenye kifaa cha kutafutia madini alikuta chungu kimoja kilichofukiwa kikiwa na sarafu 52,503 za Kirumi, nyingi zikiwa za nusu ya pili ya karne ya 3. Hicho ni chungu kimoja tu. Watu wengi wa kale walificha akiba yao ardhini, na wengine hawakurudi kuichukua. China chini ya nasaba ya Song ilizalisha sarafu za shaba kwa wingi usio wa kawaida. Katika miaka ya 1080 ilikuwa ikitoa zaidi ya mafungu milioni tano kwa mwaka, na fungu moja lilihesabiwa kuwa sarafu elfu moja. Ndiyo maana sarafu ya Song yenye zaidi ya miaka 900 bado huweza kupatikana na mtu wa kawaida.

Linganisha na peni ya Uingereza ya mwaka 1933. Mwaka huo peni zilizokuwamo mikononi mwa watu zilitosha, kwa hiyo kiwanda kilitengeneza chache mno, zinazohesabika kwa vidole, na zisizokusudiwa kutumika sokoni. Mwenye sanduku jembamba anayetaka kujaza kila mwaka hukutana na ukuta huo. Miaka mingine haina kipande kabisa: hakuna peni zenye mwaka 1923, 1924 wala 1925, na hakuna zenye 1941 hadi 1943. Mwanzoni mapengo hayo yaliniudhi. Baadaye nilianza kuyaona kama sehemu ya maelezo, kwa maana kila pengo lina sababu yake katika mahitaji ya biashara au katika vita, na mtu asiyepanga sarafu zake mwaka kwa mwaka hawezi kuyaona.

Kwa hiyo anayelinganisha kwa kipimo cha upatikanaji aelewe kwamba ugumu umekaa mahali tofauti. Katika mkusanyiko mpana ni rahisi kupata sarafu moja ya karibu kila karne, na vigumu kupata sarafu nzuri ya zama mashuhuri, kwa mfano kipande cha Athens chenye bundi, kwa sababu kila mkusanyaji anakitaka hicho hicho. Katika mkusanyiko mwembamba sehemu kubwa ya orodha hujaa haraka sana, kisha vipande vitatu au vinne vya mwisho vinaweza kuchukua miaka au visipatikane kamwe. Mwenye moyo wa kumaliza alichoanza afikirie jambo hili kabla ya kuchagua orodha yenye mwaka wa aina ya 1933 ndani yake.

Kilicho mkononi

Weka sarafu mbili juu ya kitambaa. Ya kwanza ni ya shaba, ya zama za Mfalme Konstantino wa Roma, kutoka mfululizo ulioanza kutolewa karibu mwaka 330 wakati mji mpya wa Konstantinopoli ulipozinduliwa. Upana wake haufiki milimita 20 na uzito wake ni kama gramu mbili na nusu. Upande mmoja una kichwa chenye kofia ya chuma na maneno VRBS ROMA. Upande wa pili mbwa mwitu jike ananyonyesha watoto wawili, na juu yake zimo nyota mbili. Chini kabisa, katika nafasi nyembamba iliyotengwa kwa mstari, kuna herufi TRP au TRS: herufi mbili za kwanza hutaja kiwanda cha Trier, na ya mwisho hutaja karakana ya kwanza au ya pili ndani ya kiwanda hicho. Herufi hazikukaa katikati, na ukingo mmoja umekatika maneno kwa sababu fundi aligonga nyundo kabla kipande hakijakaa sawa. Unaona mkono wa mtu.

Ya pili ni peni ya Uingereza ya mwaka 1797, iliyotengenezwa na Matthew Boulton katika kiwanda chake cha Soho, Birmingham, kwa mashine za nguvu ya mvuke. Ina uzito wa aunsi moja kamili, zaidi ya gramu 28, na ukingo wake mpana uliinuliwa ili kukinga sura ya katikati, huku maandishi yakiwa yamezama ndani ya ukingo huo. Ukiziweka kumi kwa mpororo zinakaa wima. Hakuna mkono wa mtu unaoonekana popote, na hilo ndilo lililokusudiwa, kwa sababu sarafu zisizolingana zilikuwa mwaliko kwa waliokata kingo na kuiba madini. Uingereza ilikuwa imeanza kuandika maneno kwenye ukingo wa sarafu zake kubwa za fedha tangu mwaka 1662, zilipoanza kutengenezwa kwa mashine, kwa sababu hiyo hiyo.

Mwendo kutoka nyundo hadi mvuke huonekana katika sanduku pana peke yake. Hili ndilo jambo linalonifanya niutetee upana dhidi ya wale wanaousema kuwa ni kukusanya ovyo. Anayeweka pamoja sarafu iliyogongwa, sarafu ya China iliyomiminwa katika kalibu, na sarafu ya mashine, anaweza kueleza karne nyingi za ufundi bila kufungua kitabu.

Hata hivyo sanduku jembamba huonyesha jambo ambalo upana huliruka, nalo ni badiliko dogo linalotokea ndani ya maisha ya mtu mmoja. Chukua vipande vya senti 10 vya Marekani vya mwaka 1964 na 1965. Uso ni ule ule, mwenge ni ule ule. Vigeuze uvitazame ukingoni: cha 1964 ni cheupe chote kwa kuwa asilimia 90 yake ni fedha, na cha 1965 kina mstari wa rangi ya shaba unaozunguka katikati. Sarafu za fedha za Uingereza zilipitia hatua mbili za namna hiyo, zikishuka kutoka asilimia 92.5 ya fedha hadi 50 mwaka 1920, kisha zikaacha fedha kabisa mwaka 1947. Peni moja na mbili za Uingereza zilibadilishwa mwaka 1992 kuwa chuma kilichopakwa shaba, na sumaku ndogo inatosha kuzitenga za kabla na za baada. Mkusanyaji mwenye karne ishirini na sita katika sanduku lake huwa na kipande kimoja tu kwa zama hizi, na badiliko hilo halimfikii.

Kutunza

Juu ya utunzaji nitasema wazi kwamba wembamba una nafuu kubwa. Sarafu za madini ya aina moja hutaka mazingira ya aina moja, na ukishajifunza tabia ya shaba unaweza kuzitunza zote. Sanduku pana huchanganya fedha inayofanya weusi, shaba iliyokaa ardhini kwa karne nyingi, chuma kilichopakwa, zinki na nikeli.

Hatari mahususi ya shaba za kale ni ugonjwa unaotokana na chumvi za kloridi zilizoingia ndani ya madini wakati sarafu ilipokuwa imefukiwa. Hewa yenye unyevu ikizifikia, huanza kutokea unga laini wa kijani kibichi, na unga huo huila sarafu hadi ikabaki na mashimo. Utandu wa kijani ulio mgumu na wenye uso nyororo ni jambo jingine, na ni kinga. Wanaoanza huchanganya mambo haya mawili, wakakwangua kilichopaswa kuachwa na kuacha kilichopaswa kutibiwa. Sarafu yenye unga itengwe na nyingine mara moja na iwekwe mahali pakavu kabisa.

Sarafu za karne ya 20 zina adui wake pia. Nilipoanza nilinunua albamu yenye kurasa za plastiki laini iliyonukia kama pazia jipya la bafu, nikajaza humo sarafu za nikeli na shaba, nikaiweka kabatini. Baada ya miaka michache nilikuta utelezi wa kijani umezigandia. Plastiki ya PVC hutoa viambata vinavyoshambulia shaba, na aliyeniuzia hakunitajia jambo hilo. Nilipoteza sura ya sarafu kumi na moja ambazo zilikuwa zimevuka nusu karne bila mkwaruzo hadi zilipofika kwangu. Tangu hapo natumia bahasha za karatasi zisizo na asidi au vishikizo vya plastiki ngumu isiyo na PVC, na siisafishi sarafu kwa siki, ndimu, majivu wala dawa ya kung'arishia. Sarafu iliyosuguliwa hupoteza thamani mbele ya kila mnunuzi, iwe ya Trajan au ya mwaka 1965.

Bandia na asili ya sarafu

Mizani ndogo yenye usahihi wa sehemu ya kumi ya gramu ni rafiki wa makusanyo yote mawili, lakini haiwasaidii kwa kiasi kile kile. Peni ya shaba ya Uingereza ina uzito wa gramu 9.4; ikiwa yako ina gramu 8 na haijachakaa, una sababu ya kutilia shaka. Kipande cha fedha cha Athens chenye bundi hukaribia gramu 17.2, na Waathens walikuwa waangalifu, kwa hiyo hapo pia mizani inasema kitu. Lakini shaba ndogo za Kirumi zilitofautiana sana toka kiwandani, na uzito peke yake hauwezi kuthibitisha wala kukanusha chochote. Inabidi kutazama kama ukingo una mshono wa kalibu, kama uso una vitundu vidogo vya madini yaliyomiminwa, na kama kuna sarafu nyingine yenye kasoro zile zile mahali pale pale. Sarafu mbili zilizogongwa kwa mkono hazilingani katika kila mkwaruzo.

Kwa sarafu kubwa za fedha, kama reale 8 au ile ya Maria Theresa, kipimo cha uzito ndani ya maji husaidia zaidi. Fedha safi ina gramu 10.5 kwa kila sentimita ya ujazo na shaba karibu gramu 9, hivyo shaba iliyopakwa fedha hujisema yenyewe. Sarafu za reale 8 zilighushiwa tangu zilipokuwa zikitumika, kwa kuwa zilipokelewa duniani kote. Marekani yenyewe ilizikubali kama fedha halali hadi mwaka 1857. Kwa maana hiyo bandia za zamani zina umri wa kweli na wapo wanaozikusanya kwa ajili hiyo.

Suala la sheria humhusu zaidi mwenye upana. Sarafu ya mwaka 1950 haina uwezekano mkubwa wa kuwa iliibwa katika eneo la kale. Sarafu ya kabla ya Kristo inao. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 unahusu usafirishaji haramu wa mali za kitamaduni, na nchi nyingi zenye ardhi yenye sarafu nyingi za kale hukataza kuzitoa nje bila kibali. Sheria ya Hazina ya mwaka 1996 ya Uingereza, kwa mfano, humtaka anayekuta sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha zenye umri unaozidi miaka 300 mahali pamoja atoe taarifa. Ombi langu kwa anayechagua upana ni kwamba asinunue sarafu ya kale isiyo na maelezo ya ilikotoka, hata kama ni nzuri na bei yake inavutia. Sarafu iliyong'olewa kisirisiri kutoka ardhini imepoteza habari iliyokuwa imelala nayo, na hakuna mkusanyaji anayeweza kuirudisha.

Njia iliyo katikati

Wengi huzungumza kana kwamba kuna njia mbili tu. Kuna ya tatu, na ndiyo niliyoishia kwayo. Unachagua uzi mmoja na kuufuata kwa urefu wote wa wakati. Uzi unaweza kuwa sarafu kubwa ya fedha ya biashara: bundi wa Athens, dirhamu, reale 8 zenye nguzo mbili zilizotengenezwa Mexico kati ya 1732 na 1772, Maria Theresa, halafu sarafu ya kwanza katika nchi yoyote iliyoacha fedha. Uzi unaweza kuwa kushuka kwa madini. Roma yenyewe inatosha kwa hili, kwa kuwa sarafu ya fedha iliyoletwa na Caracalla mwaka 215 ilikuwa, ilipofika karibu mwaka 270, shaba yenye fedha isiyofika asilimia 5. Na ukiiweka kando ya vile vipande viwili vya Marekani, umbali wa karne kumi na saba unafungwa kwa upana wa kidole. Mkusanyiko wa aina hii una umri mpana kama sanduku la kwanza na nidhamu ya sanduku la pili. Udhaifu wake ni kwamba haumaliziki, na kwamba wageni huhitaji kuelezwa kabla hawajaelewa kwa nini sarafu hizi zimekaa pamoja.

Kwa mtu mwenye muda mchache, au anayekusanya pamoja na mtoto, bado ningependekeza kuanza na zama za tarakimu, za miaka 100 hadi 150 iliyopita. Mtoto anayeweza kusoma 1879 kwenye sarafu ya rappen 10 (senti 10) ya Uswisi, kisha akaambiwa kwamba sura ya sarafu hiyo haijabadilishwa tangu mwaka huo na kwamba bado ni fedha halali, ameshika jambo ambalo hatalisahau. Kwa anayesoma Kilatini au Kiarabu, au anayetaka kujifunza, ningemshauri aingie zama za kale moja kwa moja lakini achague kona moja: miaka hamsini ya Roma, au nasaba moja ya China. Kwa anayetaka kuweka akiba, umri si kipimo kizuri. Hali ya sarafu na idadi ya wanaoitafuta huamua zaidi kuliko miaka yake, na chungu cha Frome kimekwisha kuonyesha kwa nini.

Na ikiwa tayari una sarafu lakini hujui wewe ni wa njia gani, fanya hivi jioni moja. Zitoe zote, zipange kwenye meza kwa mstari mmoja kutoka kongwe hadi changa, na acha nafasi ya kidole kimoja kwa kila muongo usio na sarafu. Zile zisizo na mwaka ziweke mahali unapodhani zinafaa na uandike kwenye kipande cha karatasi sababu ya kudhani hivyo. Kisha simama utazame ni wapi mikono yako inataka kujaza. Wengine huona nafasi ya karne tano kati ya sarafu mbili na hawasumbuki nayo, lakini nafasi ya miaka mitatu kati ya 1940 na 1944 inawanyima usingizi. Wengine ni kinyume chake.